Sahani Tatu Juu ya Meko

Ile siku naikumbuka vizuri, mwanangu. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya misheni hapa mlimani Meru, najiona najua kila kitu. Mzungu mmoja alipokuja na mashine ya kunasa nyimbo, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

Bibi yangu alimwimbia wimbo wa kufungua mfereji, ule unaowataja wote waliouchimba, kuanzia juu msituni hadi kwenye migomba yetu. Zamu za maji zilifuata majina hayo, na aliyeyajua yote alikuwa Bibi peke yake. Sahani tatu nyeusi za santuri zikajaa. Mzungu akaniachia nizitunze, yeye akaenda Kisongo kurekodi wafugaji. Akirudi angezipeleka kwenye hifadhi ya nyimbo, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuzisikiliza.

Wiki hiyohiyo homa ikampanda Bibi, sauti ikamkauka. Baba mdogo akasimama mlangoni.

"Sauti yake mmeifungia humo. Nikiziona hizo sahani, nazivunja!"

Niliogopa, mwanangu. Nilimwogopa yeye, na zaidi niliogopa kwamba huenda anasema kweli, kwamba mimi ndiye ninayemuua bibi yangu.

Nikazificha darini, juu ya meko, tunapoweka mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu. Kwetu kitu cha thamani hukaa huko. Sikumuuliza mtu. Kila moto ulipokokwa moyo wangu ulitulia kidogo.

Bibi akaniita kitandani. "Mjukuu wangu, usimsikilize huyo. Naumwa uzee tu. Wimbo wangu uko salama?"

"Uko salama, Bibi."

Alifariki akiamini hivyo.

Mzungu aliporudi, nikapanda darini. Sahani zilikuwa zimepinda kwa joto kama maganda ya ndizi yaliyoanikwa. Akaweka moja kwenye mashine. Ikakwaruza, kisha ukatoka mlio mzito usio wa binadamu. Baba mdogo akatimua mbio akisema ni mzimu. Mimi nilibaki nalia, maana nilijua ni kazi ya mikono yangu.

Nimebakiwa na majina mawili tu. Kila kiangazi, watu wakigombea zamu ya maji, huja kuniuliza nani alichimba wapi, nami nawatajia hayo mawili, nao huendelea kugombana.

Sasa nasikia wewe umepewa kanda za wazee wetu na umezifungia kabatini, unaogopa zitaibwa. Woga huo naujua. Muulize aliyesomea kazi hiyo joto na unyevu hufanya nini. Toa nakala, zipeleke hifadhi, watoto wa Ngarenaro na wa Maji ya Chai wazisikie. Na mwenye wimbo akiwa bado hai, kaa naye ujifunze, ewe mvivu wangu.

Mungu akuondolee hofu iliyonishika mimi. Na siku mzee wako mgonjwa akikuuliza kama wimbo wake uko salama, Mungu akujalie umjibu kweli.