Kitambaa Ndani ya Tuta

Baba alituachia mimi na kaka yangu shamba la chumvi upande wa Kaole. Kila bamvua, maji ya bahari yalibomoa tuta yakaingia kwenye majaruba, na chumvi yetu ikayeyuka tukiitazama. Kaka akachoka. Akatamka mbele ya wanangu, "Bamvua lijalo tuta likibomoka, tunauza. Mnunuzi ninaye." Nikamwambia halibomoki. Kwa kweli sikujua nitafanyaje, ila kuuza nilikataa katakata.

Kwenye ujenzi wa barabara niliona mafundi wakilaza kitambaa kizito cheusi kwenye udongo. Niliomba mabaki, wakanipa. Nikalifunika tuta gubigubi na kukipigilia kitambaa kwa vigingi vya mvinje. Maji ya kujaa ya siku ya kawaida tu yalipenya chini yake na kuchota udongo, kitambaa kikabaki kinaning'inia. Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

"Umelivalisha buibui, mdogo wangu?"

Iliniuma. Nikarudi barabarani kumuuliza msimamizi nimekosea wapi.

"Mama, hakivalishwi nje," akasema. "Kinalazwa ndani, tabaka kwa tabaka, kishike udongo."

Basi nikalibomoa tuta mwenyewe kwa jembe. Majirani wakajua nimekata tamaa. Wapi! Nilimwaga udongo kimo cha shubiri, nikaushindilia kwa gogo, nikatandaza kitambaa, nikakunja ncha zake zirudi ndani, kisha udongo tena. Hivyo hivyo mpaka juu, siku baada ya siku, viganja vimejaa malengelenge. Hasira ndiyo iliyonipa nguvu, na sioni haya kusema hivyo.

Siku ya bamvua kaka alikuja alasiri, maji yamejaa, na mnunuzi nyuma yake. Nilikuwa nimesimama juu ya tuta tangu adhuhuri. Upande mmoja bahari ilikuwa imenifikia karibu na miguu. Upande wa pili majaruba yalikuwa makavu, chumvi nyeupe imelala.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," akajibu, macho ameyainamisha. Akalikanyaga tuta kwa kisigino mara mbili, tatu. Halikutikisika. Akamtazama mgeni wake.

Nikamsaidia. "Mgeni wako akitaka chumvi, namuuzia. Shamba, hapana."