Mkeka wa Bibi Kwenye Kiti cha Mbele

Juzi nimenunua gari, si jipya, ila geni kwangu. Lilikuwa limeanikwa juani tangu asubuhi, na nilipofungua mlango ikanipokea harufu ya nailoni ya viti iliyopikwa na jua, na raba, na kitu kitamutamu ambacho sijawahi kujua ni nini. Muuzaji alikuwa anaendelea na habari zake za tairi. Sikumsikia. Nilikuwa nimesharudi Ifakara, nina miaka tisa, nimeshika ndoo.

Baba alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale mjini, na baada ya miaka mingi ya kuvuta vumbi la pumba alijipatia Prado iliyotumika. Ilikuja na nailoni zake kwenye viti, na baba akasema zitabaki hapo hapo. Zikabaki. Joto la Ifakara halina likizo, basi mapaja yetu yalinata kwenye viti, na kila aliyeshuka alishuka na sauti ya kitu kinachobanduliwa. Chini alitandika maboksi. Kule nyuma kwenye mizigo aliunganisha mifuko ya salfeti kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia ya mchele, akaipandisha mpaka usawa wa madirisha, maana huko ndiko alikokaa Popo, mbwa wetu, tukienda shamba kufukuza ngedere. Kuna kipindi alijaribu kumfunga Popo miguu yote minne kwa mifuko ya plastiki. Popo akaitafuna.

Anayelijua tope la Michenga hatamcheka baba. Shamba letu lilikuwa huko bondeni, alikokaa bibi mzaa baba, na wakati wa masika lile tope jeusi huli­kanyagi, unalivaa. Likishakaukia kwenye kitambaa cha kiti, umeumia. Kwa hiyo wakati wa kurudi nyumbani kulikuwa na utaratibu: ndoo ya maji, brashi ya kufulia, ndala ndani ya mfuko, mguu mmoja mmoja. Wadogo zangu wawili walikuwa hawaaminiki, hivyo usimamizi wa ndoo nikapewa mimi.

"Humu ndani ni Japani," baba alikuwa akisema, akigonga bati la mlango. "Tope linabaki Michenga."

Tulicheka kila mara. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyopaswa. Niliwahi kumrudisha mdogo wangu kwenye ndoo mara tatu kwa ajili ya tope la ndani ya kucha, akalia, na wala sikumwonea huruma.

Sasa Jumapili moja ya masika, Bibi alikuwa aje nasi mjini kukaa wiki nzima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda gari la mwanawe. Baba na mama walikuwa bado upande wa pili wa shamba, na wadogo zangu wako nao. Bibi akaja peke yake, amevaa kitenge chake cha kanisani, mfuko begani, na kuku wa zawadi amemfunga miguu. Kutoka nyumbani kwake mpaka lilipo gari hapakuwa na njia isipokuwa tope, kwa hiyo alifika na miguu myeusi hadi juu ya vifundo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo alivyonitania tangu nazaliwa, kwamba tumeolewa na mume mmoja, yaani babu.

Nikamwonyesha ndoo. Akanawa. Nikainama kukagua. Visigino vya Bibi vilikuwa na nyufa za miaka yake yote ya kulima mpunga, na tope lilikuwa limeingia humo ndani. Nikachukua brashi nikasugua. Halikutoka. Nikasugua tena.

"Bado, Bibi," nikamwambia. "Humu ndani ni Japani. Tope linabaki Michenga."

Hakukasirika. Angekasirika ningekumbuka. Alivitazama visigino vyake kwa muda, mguu huu, kisha mguu huu, akasema, "Tope hili lililobaki sina namna ya kulitoa, mke mwenzangu. Mwambie mwanangu nimekumbuka nimeacha maharage jikoni." Akaokota kuku wake akarudi alikotoka.

Baba alipofika nikamwambia Bibi ameacha maharage jikoni. Haukuwa uongo. Akamfuata mpaka nyumbani, akarudi peke yake. "Amesema safari nyingine," akamwambia mama.

Safari nyingine haikuja. Mara kuku wanaatamia, mara kichwa kinamuuma, mara gari linamtia kizunguzungu, na hajawahi hata kulipanda. Baba alikuwa anarudi mnyonge kutoka kwa mama yake. Mimi nilijua sababu nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza ilizidi kuwa vigumu kusema kesho yake.

Masika ya mwaka uliofuata jirani wa Bibi akapiga simu. Bibi alikuwa amejikata mguu kwa jembe, yapata siku nane, akaficha. Mguu umevimba mpaka gotini, na kila akiambiwa mwanawe aitwe aje na gari anakataa. Tukaenda mbio, baba na mimi.

Bibi alitoka ndani ameshikilia ukuta, na kwapani ana mkeka. Mkeka ule tuliujua wote. Aliusuka mwenyewe kwa ukindu, una mistari ya zambarau, akauviringisha na kuutundika darini. Ulikuwa wa kuzikiwa yeye. Hakuna mgeni aliyewahi kuukalia, na sisi watoto tulikatazwa hata kuugusa. Akaniita mimi, si baba.

"Nitandikie hapo mbele, mke mwenzangu. Nisije nikachafua gari la watu."

Na mimi nikautandika. Nilifurahi, jamani! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliunyoosha pembe zote, nikaona umekaa vizuri kuliko hata nailoni. Nyuma yangu nikamsikia baba.

"Mama, mkeka huo?"

"Ndio nilio nao ulio safi," Bibi akajibu.

Baba alitaka kuutoa, Bibi akasema basi hapandi. Baba akambeba akamkalisha juu ya mkeka, na tope lake na mguu wake uliokuwa umeanza kunuka, akafunga mlango polepole sana. Mimi niliachwa kwa jirani niangalie kuku. Hospitali walisema angechelewa siku mbili zaidi, mguu ungekatwa.

Alipona. Akiwa bado wodini, baba alichukua kisu cha jikoni akazichana nailoni zote, akang'oa salfeti na maboksi, akavirundika uani na kuviwasha. Moshi ulikuwa mweusi mpaka majirani wakatoka. Mama akadhani kelele za mashine zimemwingia kichwani. Popo alikuwa wa kwanza kupanda kiti cha nyuma, na hakuna aliyemshusha. Bibi naye akalizoea gari: miaka saba kanisani, kliniki, na mara moja mpaka Kidatu, kwenda kutazama tu. Kisha mkeka ukafanya kazi yake.

Lakini kila Krismasi, ukoo ukikutana, baba aliisimulia habari ile kwa kujisema mwenyewe. "Nilimfukuza mama yangu kwenye gari kwa ajili ya nailoni," anasema, na mashangazi wanaguna. Mimi huwa namimina chai. Miaka ishirini namimina chai, na aibu niliyokuwa naiona, acha tu.

Jioni ile ya kununua gari nikampigia baba simu. Nikamweleza yote, ndoo, brashi, visigino, na maneno niliyomwambia Bibi. Akakohoa kidogo.

"Hilo nalijua," akasema. "Bibi yako aliniambia njiani, siku ile tunakwenda hospitali. Akaniapisha nisikuguse wala nisikuulize."

Muda wote nilidhani mimi ndiye ninayeficha jambo. Kumbe watu wazima wawili walikuwa wamelificha nisiumie, na mmoja wao ameshazikwa nalo. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akijisema mbele za watu miaka yote hiyo.

"Ulitaka nimseme nani?" akaniuliza. "Masharti nilitoa mimi. Wewe ulikuwa mtoto, mwanangu, nimekushikisha ndoo."