Siku Mama Alipobaki Mpakani

Wananchi wenzangu, kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka niliyojikabidhi mwenyewe, natangaza rasmi kwamba mimi, Shem, ndiye mtoto wa kwanza katika historia ya ukoo wetu kumwachisha mama yake kazi bila kufungua mdomo.

Makofi tafadhali.

Tangazo hili naliandika nikiwa nimejifungia bafuni, mtaa wa International City hapa Dubai, maana ndipo mahali pekee kwenye nyumba hii ya vitanda vya kupangisha mtu anapoweza kuwa peke yake. Na hata hapa kuna Mganda anagonga mlango, anasema anachelewa kazini.

Agonge tu. Hii lazima niimalize.

Mimi ni mtoto wa bweni. Nimelelewa na kengele, matroni na maharagwe. Kule shuleni nina cheo ambacho hakuna aliyenipigia kura: Waziri wa Mizaha. Asubuhi ya ukaguzi, viatu vya viranja wote vikakutwa vimefungwa kamba moja, kama samaki wa kuuzwa. Nani? Serikali inachunguza.

Desemba hii nikaja Dubai likizo kumwona mama.

Mama anaitwa Damaris. Anafanya kazi za ndani Mirdif, kwenye villa ya Madam Amna. Anapika, anafua, analea watoto wa wenyewe. Mimi amenilea kwa simu.

Kuna mambo mawili ya nyumba ile lazima niwaambie, la sivyo hamtaelewa kitu.

La kwanza: pasipoti ya mama ilikaa kwenye droo ya Madam tangu siku aliyofika. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni kwa usalama wako.

La pili: kila siku ya ofu, kabla mama hajatoka getini, Madam anamkagua mkoba. Anaufungua, anauchokorachokora, anaufunga. "Yalla, Damaris. Jistareheshe."

Mama alikuwa akinisimulia hayo huku akicheka. Sikuwahi kujiuliza anacheka nini.

Sasa, mama alikuwa na hamu moja tu: kupanda boti. Miaka yote hiyo bahari ameiona kupitia dirisha la gari, amempakata mtoto wa mtu. Basi akasikia habari za Musandam, upande wa Oman, ambako bahari imejipenyeza katikati ya milima hadi watalii wanapaita Norway ya Waarabu. Unachukuliwa na basi asubuhi, mwongozaji anawaeleza mambo njiani, mnavuka mpaka, mnapanda boti, mnakula, mnaogelea, jioni mko nyumbani.

Lakini mpakani lazima pasipoti.

Mama aliomba hiyo pasipoti wiki nzima. Madam akakataa, akanuna, akaomba muda wa kufikiri. Mwishowe, jioni ya kuamkia safari, akamwekea mkononi. "Ukiipoteza, kafeel wako, mdhamini wako, ni mimi. Nitaulizwa mimi."

Mama alinipigia simu usiku ule akinong'ona. "Shem, ninayo. Nimeilalia chini ya mto."

Mtu mzima, anaiba furaha kama mtoto aliyeficha sukari.

Aliyeipanga safari yenyewe ni Boaz. Boaz ni mlinzi kwenye mall, wanasali kanisa moja na mama. Mrefu, mpole, anavaa koti la suti hata kwenye joto la kukaanga yai. Ananiita "mkubwa". Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Siku mbili kabla, nilikuwa nimemsikia kwenye ngazi za nyumba hii akiongea na simu. "Nikifika kwenye boti nitamwambia. Ndiyo, siku hiyo hiyo."

Eti atamwambia! Mtu na koti lake, juu ya maji, mbele ya milima. Kuna jambo lingine la kumwambia mwanamke pale zaidi ya ndoa?

Baraza la mawaziri likakaa kikao cha dharura. Mwenyekiti mimi, wajumbe mimi. Likaazimia kwa kauli moja: Boaz hapandi boti.

Mpango ulikuwa mwepesi. Naificha pasipoti yake. Anaachwa mpakani, anakunywa soda peke yake mchana kutwa, jioni tunampitia. Aibu kidogo, kicheko kidogo, mama anamwona hana mpango. Hakuna anayeumia.

Asubuhi basi lilituchukua Rashidiya, karibu na stesheni ya metro. Mama alikuja na dereva wa Madam, amevaa gauni la maua ambalo sijawahi kuliona, na miwani ya jua. Alinikumbatia mpaka nikaona haya.

"Amekukagua?" nikamuuliza.

"Hawezi kuacha." Akacheka. "Leo alinusa hata mayai niliyochemsha."

Mwongozaji wetu aliitwa Luay, kijana wa Syria mwenye sauti ya tangazo la redio. "Yalla, marafiki zangu! Leo mtasahau shida zote!"

Boaz akamkabidhi mama pasipoti yake. "Nitunzie, mfuko wa koti umetoboka." Mama akaitia kwenye mkoba. Macho yangu yakaifuata mpaka ndani.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Boaz akashuka kutafuta chai ya karak. Mama alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo. Watu wa kazi za ndani wakikaa tu wanalala.

Nikafungua zipu taratibu. Nikaingiza vidole viwili. Jalada la buluu, nembo ya taifa. Mama akajigeuza; nikaichomoa na kuisukumia kiunoni, ndani ya kaptula, chini ya fulana.

Sikuifungua.

Msomi mzima wa bweni, mtu wa A ya fizikia, nilisahau kwamba Wakenya wote tuna pasipoti ya rangi moja.

Boaz akarudi na vikombe. "Mkubwa, nimekuwekea sukari nyingi."

"Asante, anko," nikasema kwa unyenyekevu wa mtakatifu.

Tulipofika mpakani Dibba, Luay akapiga makofi. "Pasipoti mkononi! Mkononi, si kwenye begi!"

Mama akafungua mkoba. Akatoa pasipoti, akaifungua, akamkabidhi Boaz. "Hii yako."

Nikajipapasa kiunoni.

Akaingiza mkono tena. Akaingiza mikono miwili. Akamwaga kila kitu kwenye kiti: leso, mayai, mafuta ya kujipaka, kitana, simu. Akapekua bitana. Akapekua tena.

"Haipo."

"Tutafute chini ya viti," Boaz akasema, akapiga magoti pale pale na koti lake.

Hapo ndipo ningeitoa. Najua. Ningesema, "Surprise, mama!" angenizaba kofi, tungevuka, leo ningekuwa nawasimulia habari za pomboo.

Lakini nikasema moyoni, ngoja aangalie pembeni niidondoshe chini ya kiti. Ngoja kidogo. Ngoja.

Mama aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni yeye."

"Nani?" Boaz akauliza kutoka sakafuni.

"Madam. Alipokuwa anakagua mkoba asubuhi. Jana ananipa, leo ananyang'anya getini. Ili nije nidhalilike hapa."

"Damaris, subiri kwanza."

"Boaz, wewe humjui yule mama. Mimi ndiye ninayemfulia chupi."

Akapiga simu. Alisimama kwenye korido ya basi, mimi kiti cha nyuma yake. Huwa wanaongea Kiarabu cha jikoni kilichochanganywa na Kiingereza, nawatafsiria.

"Madam, pasipoti yangu iko wapi?"

Sauti ikasikika upande wa pili, kali, ya mtu aliyeshangaa. Wallahi hajaigusa.

"Usiape kwa Mungu, Madam. Ulinifungulia mkoba mbele ya dereva. Kila juma unanifungulia mkoba. Nimeiba nini? Niambie, miaka yote nimekuibia nini? Watoto wako wakiumwa silali. Mama yangu amezikwa nikiwa napiga pasi nguo zako za harusi ya dada yako. Uliniambia nitakwenda mwezi ujao. Mama yangu angefufuka mwezi ujao? Nakula kilichobaki kwenye sahani za watoto, nasema asante. Leo nimeomba siku moja. Siku moja nione maji! Hata hiyo umeona choyo."

Basi zima liligeuka kumtazama. Hata wasioelewa lugha walielewa.

Halafu Madam akasema kwa utulivu, na hili halihitaji tafsiri:

"Khalas, Damaris. Usirudi. Dereva atakuletea nguo zako."

Mama akashusha simu. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi.

Na mimi pasipoti ilikuwa imeninata kiunoni kwa jasho.

Kwa nini sikuitoa? Kabla ya simu niliogopa kofi. Baada ya simu niliogopa kumwona akijua kwamba maneno yote yale, aliyoyabeba miaka, ameyatupa kwa sababu ya uongo. Ongezeni mapambo mnayotaka. Niliogopa, basi.

Luay alikuja kwa upole. "Samahani, mama. Asiye na pasipoti hubaki hapa. Kuna mgahawa pale."

"Nitabaki naye," Boaz akasema.

"Hutabaki," mama akasema. "Nenda na mtoto. Nataka mmoja wetu aone."

Akanipa mayai. Akashuka na gauni lake la maua.

Jamani, ile bahari ni nzuri. Milima imesimama wima majini, mikavu, haina hata jani, na maji chini yake ya kijani kama chupa. Mbuzi wanatembea kwenye genge mahali ambapo hata mjusi angefikiria mara mbili. Boti ilipoingia kwenye mlango wa mawe upepo ukakatika, Luay akapiga mluzi, na milima ikamrudishia. Pomboo walikuja kucheza pembeni yetu. Watoto wa Kihindi walipiga kelele za furaha.

Nilikuwa na mayai mkononi. Sikuweza kula, sikuweza kuyatupa.

Kabla ya kuogelea ikabidi kuvaa jaketi la kuokolea. Boaz akaja kunifungia mikanda. Akavuta wa kiunoni, ukakwama.

"Hii nini, mkubwa?"

Nikarudi nyuma. Nyuma kulikuwa na maji.

Akainua fulana yangu, akaitoa. Akaifungua. Picha ya mama, kijana, kabla ya Dubai.

Nilingoja ngumi. Hakunipiga. Aliketi.

"Ulidhani ni yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikusikia kwenye ngazi. Ulitaka kumwambia akuoe. Yaani, umuoe."

Boaz akacheka, kicheko kibaya kisicho na sauti. "Nilishamwomba tangu mwaka jana. Alikataa. Aliniambia hawezi kukuletea baba wakati hajakuletea hata mama. Umalize shule kwanza, mkae pamoja kwanza. Leo nilitaka kumwambia nitangoja."

Pomboo wakaruka tena. Watu wakapiga picha.

"Utamwambia?" nikauliza.

Akanirudishia pasipoti mkononi. "Mdomo unao mwenyewe."

Tuliporudi mpakani mchana umekwisha, mama alikuwa nje ya mgahawa, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani usoni. Tulishuka kumchukua. Alikuwa mtulivu kupita kiasi.

"Mlifurahi?"

Nikamwekea mayai yake mezani.

"Madam amenitumia video," akasema. "Ya kamera ya getini. Amekagua mkoba, kisha mkono wangu mwenyewe unairudisha pasipoti ndani na kufunga zipu. Yeye hakuichukua." Akavua miwani. Macho yalikuwa yamevimba. "Amesema angeweza kusamehe matusi. Hawezi kusamehe kuitwa mwizi. Hapo nikamwelewa, maana hata mimi siwezi."

Kisha akamgeukia Boaz.

"Leo waliokaribia mkoba wangu ni wawili tu. Madam, na wewe. Ulinipa yako niitunze ukaniona nilipoweka yangu. Nilikukataa, Boaz. Ndiyo ukanifanyia hivi?"

Boaz angeweza kunyoosha kidole. Kidole kimoja tu, angekuwa huru.

Hakunyoosha. Aliniangalia mara moja, akainamisha kichwa, akasimama pale na koti lake kama mtu anayengoja hukumu yake mwenyewe. Niliyemtafutia aibu alikuwa tayari kuibeba yangu.

Mnaongoja funzo, chukueni: mzaha hauna ubaya mpaka mtu mwingine anapoulizwa nani kafanya, na wewe umo humo humo chumbani. Hapo si mzaha tena. Natia sahihi, Waziri aliyejiuzulu.

Nikaingiza mkono chini ya fulana. Nikaiweka mezani, mbele yake, imelowa jasho.

"Si anko Boaz, mama. Ni mimi. Nilitaka kuficha yake."

Aliishika. Akaifuta jasho polepole, akaifungua kuhakikisha kwamba ni yeye.

"Nilipokuwa napiga simu," akasema, "ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma yako."

"Uliyasikia yote?"

"Yote, mama."