Injini Iliyofungwa Kama Ng'ombe

Babu yangu, baba yake mama, amebeba ng'ombe wa mnada kwenye pikapu tangu mimi sijazaliwa. Kwa hiyo kwake kila mzigo ni ng'ombe, hata usio na pembe.

Likizo iliyopita tulikwenda naye mjini, mtaa wa Kambarage, kuchukua injini ya mashine ya kusaga ya mama. Ilikuwa imelala kwa fundi wiki nzima, na kule kwetu Mwakitolyo akina mama wanaowapikia wachimbaji walishaanza kupeleka mahindi yao kwa jirani. Mama hana injini nyingine. Fundi alituonya huku akiishusha kwa mnyororo nyuma ya pikapu.

"Mzee, chuma hiki hakikunjiki. Kikianguka kinapasuka, na mimi sishoni chuma."

"Nimebeba madume yenye hasira kuliko huyu," babu akajibu.

Akaifunga. Kamba moja akaipitisha shingoni, yaani kwenye lile gurudumu lake kubwa, nyingine miguuni, na zote akaziachia nafasi kidogo. Nikamuuliza mbona zinalegea.

"Ukimkaza sana anakosa pumzi. Anafika amekufa."

"Mume wangu, hii haipumui."

"Mke wangu, wewe soma vitabu."

Kwetu babu na mjukuu ni watani. Tangu nijue kuongea, kwangu yeye ni mume wangu. Neno "babu" namwachia anayelitaka. Na utani wangu hauna likizo. Asubuhi ile peke yake nilishamsimamisha mara mbili kwa kupiga kelele kwamba tairi limetoboka. Mara zote mbili alishuka, akalipiga teke, akarudi akinitishia talaka.

Tulipokuwa tunaondoka, mama akapiga simu. "Mmeifunga vizuri?"

"Kama ng'ombe wa mnada," nikamwambia.

"Haya, Mungu awasaidie." Maskini, alidhani nimesifu.

Lami ilipoisha, nikageuka kuchungulia kupitia kioo cha nyuma. Injini ilikuwa imeachana na kabini. Tukapita kwenye shimo, ikaruka kidogo na kutua karibu zaidi na mlango wa nyuma.

"Mume wangu, ng'ombe wako kaamka."

"Mpe majani."

"Kweli nakwambia, anarudi nyuma!"

"Mwambie mnada bado."

Akacheka mpaka akakohoa. Shimo la pili. Sasa injini iliugonga mlango wenyewe, na komeo moja likachomoka. Nilimwona mama akilini, amekaa juu ya magunia matupu, anatusubiri.

"Babu," nikasema. "Babu, simama."

Hakuuliza. Aliondoa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki, akaiacha pikapu ijichokee yenyewe mpaka ikasimama. Tukashuka. Injini ilikuwa imeegemea komeo moja lililobaki, kamba zote mbili zikining'inia kama mikanda ya suruali ya mtu aliyekonda.

"Gashi!" akasema, yaani kumbe!

Akaukandamiza mlango kwa mgongo. Mimi nikasimamisha wachimbaji watatu waliokuwa wakipita na mtaimbo. Wakaisukuma injini kidogo kidogo hadi ikagusa kabini, wakapigilia vipande vya mbao pande zote ili isipate pa kuchezea. Kamba wakazivusha juu yake kwa msalaba, wakazisokota kwa kijiti mpaka ukizigusa zinalia.

"Mzee, nani alifunga mwanzo?" mmoja akauliza.

Babu akatazama mbali. Nilikuwa na majibu kama kumi hivi, matamu yote. Nikasema, "Tulifunga wote."

Njia iliyobaki tulikwenda polepole hadi baiskeli zikatupita. Kila shimo babu aliuliza, "Imesogea?" nami nilijibu, "Haijasogea," bila kuongeza kitu.

Mama hakutusalimia. Alipanda nyuma, akapitisha kiganja kuanzia juu hadi chini ya chuma, akitafuta ufa, nasi tumesimama kama watoto waliovunja chungu. Akafika upande uliokuwa umegonga mlango. Akakwangua rangi kwa ukucha, akaangalia, akakwangua tena.

"Ni rangi tu," akasema. "Nzima."

Babu akaketi chini palepale, vumbini, akavua kofia.

"Mke wangu," akaniambia, "niletee maji."

Nikaenda kuyaleta mbio.