Redio ya Njano Kabatini

Mama yangu alikuwa hali chochote asubuhi mpaka baba arudi kutoka baharini. Si kwamba alifunga. Chai ilikuwepo, mihogo ilikuwepo, sisi tunakula, yeye anazunguka uani akifagia palipokwisha kufagiwa. Ukimwambia akae ale, anasema njaa hana. Baba alikuwa na kiboti chake kidogo cha mashine pale Kunduchi. Alitoka alfajiri na kurudi jua likianza kuchoma, na mama aliijua saa hiyo bila kutazama ukutani. Ikipita, ufagio unaongeza kasi.

Safari moja mashine ikazima, mkondo ukambeba baba, akalala huko huko na kufika nyumbani kesho yake, midomo imepasuka kwa chumvi. Mama alimpokea, akampashia maji ya kuoga, akamkorogea uji, akamsimamia mpaka akamaliza. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia peke yake. Nilimwona. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata kazi ya ukarani mjini, na papo hapo nikaapa kwamba mshahara wangu wa kwanza utanunua redio za upepo, zile za watu wawili kuongea wakiwa mbali. Moja ya kwenda na baba, moja ya kubaki na mama.

Mie nina hasira za karibu, na baba alizijaribu.

"Bahari nimezaliwa nayo," alisema. "Redio ya nini?"

"Wewe umezaliwa nayo, baba. Mama je?"

Jumamosi tukaenda Kariakoo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamefurika vitu kutoka Dubai na kila muuzaji ni fundi wa kila kitu. Tuliyeingia kwake, kijana mchangamfu, alituletea redio nyeusi inayong'aa, vitufe tele, na kijitaa cha kijani. Bei yake ilinitoa jasho.

"Hii mzee hata ukiiogesha, haina neno."

"Basi lete beseni tuiogeshe," baba akasema.

Kijana akacheka. Baba hakucheka.

"Ah, mzee, si mpaka uinunue kwanza?"

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," baba akaniambia mimi, kwa sauti ya kumfikia kijana, akairudisha juu ya meza.

Alikuwa ameshaziona nyingine rafu ya chini. Redio mbili za njano, za mtumba, nene na zenye mikwaruzo, zimekaa kama vipande vya sabuni ya mche. Baba akashika moja, akafumba macho, akaipapasa kwa dole gumba mpaka akakipata kitufe cha kuongelea. Akaiweka, akaishika tena, akakipata tena. "Mawimbi yakiwa makubwa sina macho ya kutafutia vitufe," akasema. Akafungua mfuniko wa betri, akaupitishia kidole mpira wa kuzuia maji, kama mtu anayekagua ufizi wa mtoto anayeota meno. Akauliza inakula betri gani. Kijana akasema hizi ndogo za kawaida, za kila duka. Baba akafurahi. Umeme wa mgao, akasema, hauwezi kumpangia lini aongee na mkewe. Sikuwahi kumsikia akisema neno kama hilo mbele za watu, nikajifanya naangalia nje.

Safari hii beseni lilikuja, la kuazima kwa mama ntilie wa jirani. Baba aliizamisha redio moja, kisha ya pili, akaziacha humo mpaka watu wakaanza kujaa mlangoni. Akazitoa, akazikung'uta, akanipa moja na kunituma hadi kona ya mtaa. Nimesimama pale katikati ya wauza mitumba, mkono ukaanza kuongea.

"Mwanangu, leo hujaniamkia."

"Shikamoo baba," nikasema, na watu wakageuka kunitazama. Nilirudi nikalipa kwa moyo mkunjufu.

Nyumbani kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Chupa ya chai ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, redio ya kusikilizia taarabu ilikuwa na chake, hata viti. Mama akazifumia redio mbili zile vivazi vya uzi mweupe wenye ukingo wa waridi. Wakakubaliana na baba kwamba baharini wataongea kwa shida tu, betri zisiishe. Lakini kila alfajiri, kabla ya kutoka, baba alisimama kizingitini akabonyeza.

"Mama watoto, wanipata?"

Na mama, jikoni, hatua chache tu, anajibu kwenye yake: "Nakupata, baba watoto. Nenda salama." Wanacheka kama watoto, baba anaondoka. Na mama akaanza kunywa chai asubuhi. Nilimwona akichovya andazi, nikaona nimefanya kitu duniani.

Kisha ikaja Jumapili moja. Saa ya kurudi ikapita. Mama akaweka kikombe chini, akachukua redio yake, akatoka hadi kwenye ua, mbali na bati. Mimi nilikuwa sebuleni napiga pasi nguo za kazini.

"Baba watoto, wanipata?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Ilitoka ndani ya kabati la vyombo.

Nikafungua. Nyuma ya sahani za harusi, zile zisizotumika hata Idi, ilikaa redio ya baba ndani ya kivazi chake, kavu, safi, imesahauliwa bila kuzimwa.

"Baba watoto," ikasema kwa sauti ya mama. "Nijibu basi, hata kwa hasira."

Nilikwenda nayo uani mikononi. Mama akaiangalia, akaangalia ile aliyoishika yeye, akakaa chini mchangani.

Baba alifika adhuhuri imepita. Plagi ya mashine ilikuwa imelowa, amepiga kasia njia nzima, viganja vimechubuka. Mimi nilishajiandalia maneno yangu, mengine makali mno kwa mzazi. Yakatoka matatu tu.

"Baba, kwa nini?"

Akaiona redio mkononi mwangu, akainama. "Ni zawadi yako ya kwanza, mwanangu. Kitu kizuri hivi nikakipeleke kwenye chumvi? Kikiharibika ningekutazama vipi?"

Hasira zangu zikakosa pa kukaa. Nilimpenda mno mzee yule saa ile, na nilitamani kumtikisa.

Mama ndiye aliyeinuka. Akaichukua redio, akaivua kivazi, akaitumbukiza kwenye beseni alimokuwa akioshea samaki wa jana, kwenye maji ya magamba na damu.

"Hii ikifa, duka lipo Kariakoo," akasema. "Wewe ukifa, mie nitakwenda duka gani?"

Baba akachuchumaa, akaitoa, akaifuta magamba kwa shati lake, akabonyeza.

"Mama watoto, wanipata?"

Mama alikuwa amesimama mbele yake. Hata hivyo aliichomoa redio yake kutoka kiunoni, akaiweka mdomoni, akajibu kwamba anampata.

Jioni ile alikifumua kile kivazi, akasokota uzi wake kuwa kamba nene ya kuvaa shingoni, na redio ya njano ikaondoka na baba kila alfajiri, ikarudi imeganda chumvi. Yale makubaliano ya kuongea kwa shida tu yakafa. Jua likichomoza redio ya mama inakoroma pale jikoni: baba ameona samaki tasi wengi, baba anauliza leo kuna mchicha. Mama hajibu upesi. Kwanza anaiweka kanga yake sawa kichwani, ndipo anabonyeza. Kisha anavuta kikombe chake, anakunywa.