Eda Yangu Mbele ya Kamera

Alipofariki, mie nilisimama nyuma kabisa kwenye sala ya jeneza, pamoja na majirani. Watu wa Wingwi walinijua kama rafiki yake, mpiga picha wa mjini Chake aliyekuja kumtembelea kila Ijumaa. Walinipa pole ya rafiki, mkono wa haraka, kisha wakapita kwa jamaa zake. Hapakuwa na mtu wa kuambiwa kwamba tulipendana, mwanamme na mwanamme.

Alikuwa mwalimu wa historia, na hakuna alilolipenda kama habari za Waazteki, watu wa kale wa Meksiko. Alinihadithia, kichwa chake mapajani mwangu, kwamba katika imani yao mungu mmoja, nyoka mwenye manyoya, alishuka kuzimu kuchukua mifupa ya wafu ili aumbe watu upya. Njiani akaanguka, mifupa ikavunjika vipande virefu na vifupi.

"Ndo maana watu hatulingani," alisema. "Na sie tuna vipande vyetu." Kisha akaleta astaghfirullah, akacheka.

Baada ya khitma nikawa nafunga studio mchana na kujigeuzia kamera. Nilishonea manyoya ya jogoo kwenye kikoi chake, nikajitupia begani, nikajitanda shuka nyeupe kama mjane aliye edani, nikakaa kwenye kigoda kungoja kamera ipige yenyewe. Picha za mwanzo zilitoka na uso wa mtu wa pasipoti. Nikarudia, nikarudia, mpaka nikaanza kujiona.

Siku moja dada yake mkubwa alikuja kuniletea miwani ya marehemu. Mlango sikuutia komeo. Akanikuta vilevile, na kikoi akakitambua.

"Wafanya nini, mdogo wangu?"

Nikakikumbatia kikoi.

"Umekaa eda?" aliuliza polepole.

Nikaitikia kwa kichwa. Alikaa mkekani, akalia kwanza.

"Kwetu jambo hili halisemeki, wala mie sitolisema," alisema. "Lakini msibani nilikutazama, nikaona huyu hana wa kumliwaza." Akanishika mikono yote miwili. "Mungu akupe subira."

Kisha akainuka, akaniweka sawa shuka iliyoteleza. "Haya, piga. Mie nitajitenga."

Kamera ikapiga kabla hajajitenga. Katika picha hiyo nalia, na vidole vyake vimo begani mwangu, kati ya manyoya.

Siku hizi akija mjini hupitia kwangu. Tunamtaja marehemu kwa sauti, wafiwa wawili, mpaka chai inapoa.