Siku Neema Aliposimamia Mfereji

Ninyi wanangu mnaosoma vyuoni, kaeni nami kidogo. Nimechoka, kwa hiyo sitasema mara mbili.

Mjukuu wangu Neema anasoma biashara chuo kikuu. Somo lake kubwa ni uhasibu. Pembeni amechukua usimamizi, ule wa kuongoza watu kazini. Likizo hii akaniambia, "Bibi, hilo la pembeni ni maneno tu. Nalipitia juujuu nafaulu."

Magoti yangu hayashuki tena mferejini, basi nikamtuma yeye akasimamie msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji wetu hapa Kibosho. Zamu ya kuongoza ilikuwa ya nyumba yetu. Kazi isipoisha, hatupati maji, na migomba ilishaanza kukunja majani.

Akasimama ukingoni na viatu vyake vyeupe. Hakumwamkia mtu. "Mzee Aloisi, ongeza kasi! Mama Deo, punguza maongezi!"

Mzee Aloisi, ambaye hata baba yake Neema humpa shikamoo, akaweka jembe begani. "Binti, mimi si simu yako, unibonyeze niwake." Watu wakacheka, halafu wakaondoka wote.

Neema akarudi analia. Nami nakumbuka siku moja, nikiwa mke mpya katika boma hili. Mama mkwe ndiye aliyeongoza mfereji huohuo. Alizunguka kwa kila mtu akiuliza habari za ng'ombe, za mtoto mgonjwa, kabla jembe halijagusa tope. Nikamwambia jua litatukuta. Akanigeukia kwa ukali: "Hawa hukuwanunua! Kila mmoja ameacha ng'ombe wake hawajala, akaja kwetu. Utawaamuruje kabla hujawashukuru?"

Basi wewe mwanangu unayesoma chuoni, hesabu ukiikosea unafuta, unaanza upya. Mtu hafutiki. Hilo unaloliita la pembeni ndilo litakalokungoja kila asubuhi, kazini na nyumbani kwako pia. Lisome kwa moyo. Amkia kwanza, ingia topeni kabla ya wenzako, ndipo useme. Na Mungu awajalie watu watakaokubali kushika jembe pamoja nanyi, maana peke yako utachoka kama nilivyochoka mimi.

Jioni ile niliita nyumba nzima, nikasema: "Kesho Neema achume isale, jani letu la kuombea radhi, ampelekee Mzee Aloisi. Asisindikizwe na mtu. Na viatu vile vyeupe avivue hapa mlangoni. Akisamehewa, anapitiliza mferejini."